Injini ndogo ya dizeli ikigoma: pa kuanzia kabla ya kuifungua

Ujenzi umeenea kila upande wa visiwa vyetu vya Unguja na Pemba, kuanzia Fumba hadi Wete, na pamoja nao zimeenea mashine ndogo za kuchanganyia zege, za kushindilia udongo, za kuvuta maji kwenye misingi, na jenereta za kuchomelea vyuma. Nyingi kati ya hizo huendeshwa na injini ya dizeli yenye silinda moja, na injini hiyo inapogoma asubuhi ya kumwaga zege, mifuko ya saruji imeshafunguliwa na vibarua wameshajipanga na makarai yao, hukumu hutoka kwa haraka: nozo imekufa, pampu imekwisha, ringi za pistoni zimelika, injini ifunguliwe. Mara nyingi hukumu hizo hutolewa kabla mtu hajatazama hata kama tangi lina dizeli. Makala haya yanaeleza kwanza injini ya namna hii inahitaji nini ili iwake, kisha yanaonyesha jinsi ya kutafuta ubovu kwa kuanza na lile lisilogharimu kitu, kwa sababu, kwa mtazamo wangu, fedha nyingi zinazoteketea kwenye injini hizi huteketea kwa kufungua kisichohitaji kufunguliwa.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na mazoea ya petroli. Unguja ilipokaa gizani kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya kuharibika kwa njia ya umeme unaotoka Tanzania Bara, watu wengi ambao hawakuwahi kugusa injini walijikuta wakimiliki jenereta ndogo ya petroli na kujifunza kuchomoa plagi, kuisugua na kuirudisha. Elimu hiyo haifai kitu mbele ya dizeli, kwa kuwa dizeli haina plagi ya cheche. Zipo injini za dizeli zenye plagi za kupasha joto, ambazo husaidia wakati wa kuwasha, lakini hata hizo hazitoi cheche.

Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Mtu aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba baada ya kusukuma kwa nguvu sehemu ya chini ya pampu hupata moto, na moto huo hautokani na kusuguana peke yake. Hewa ikibanwa ghafla hupanda joto. Injini ya dizeli hufanya hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa kuwa pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda kikiwa kimevishwa ringi zinazozuia hewa isipenye pembeni, huibana hewa iliyojaa silinda mpaka ibaki katika nafasi iliyo ndogo mara 16 hadi 22 kuliko ile ya mwanzo, na joto lake hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli yenyewe huanza kuwaka kwenye joto la nyuzi zaidi ya 200 tu. Kwa hiyo ikipulizwa ndani ya hewa hiyo kama ukungu, wakati pistoni inakaribia kufika juu, huwaka bila ya kuombwa. Huo ndio uvumbuzi ambao Mjerumani Rudolf Diesel aliuombea hataza mwaka 1892 na kuufanikisha kwa injini iliyofanya kazi vizuri mwaka 1897, na msingi wake haujabadilika.

Tunapata hapo mahitaji machache: hewa safi ya kutosha, kubanwa kwa hewa hiyo bila kuvuja, jambo ambalo mafundi huliita kompresheni, na dizeli safi inayopulizwa kwa nguvu na kwa wakati wake. Pampu ya dizeli ndiyo inayoitia dizeli mgandamizo. Nozo ni kifaa kilichofungwa kwenye kichwa cha silinda ambacho hubaki kimefungika mpaka mgandamizo huo ufike kiwango chake, kisha hufunguka na kupuliza. Injini nzima inaposemwa kuwa "imekufa", kwa kweli kimekosekana kimojawapo kati ya hivyo.

Kabla ya kushika spana, kuna mambo ya aibu ya kutazamwa, nami nayaita ya aibu kwa sababu kila fundi huyajua na kila fundi huyaruka. Mkono wa kuzimia umerudishwa kwenye nafasi ya kuwashia, au umebaki pale ulipowekwa jana jioni? Bomba la tangi limefunguliwa? Oili iko kwenye alama ya kijiti, mashine ikiwa imesimama pahala tambarare? Swali la oili lina uzito wake kwa mashine za zege, ambazo huwekwa popote penye nafasi, hata kwenye mteremko wa kifusi. Oili hukimbilia upande mmoja, kijiti hudanganya, na injini inayolainishwa kwa oili inayorushwa na chuma kinachozunguka ndani yake hukauka mpaka ikanoki, yaani ikakwama kabisa. Baadhi ya injini zina kifaa cha kujizima oili inapopungua, na mtu asiyejua hilo anaweza kutafuta ubovu kutwa nzima pasipo na ubovu.

Jambo jingine la mwanzo ni kuitenganisha injini na kazi yake. Vua mkanda unaozungusha pipa la mashine ya zege, kisha ujaribu kuwasha injini ikiwa peke yake. Ikiwaka kwa wepesi, mzigo ndio uliokuwa ukiizuia: zege la jana limeganda ndani ya pipa, beringi zimekwama, au mkanda umekazwa kupita kiasi. Nimeona mabishano marefu juu ya ubovu wa nozo yakimalizwa na mkanda uliovuliwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye shahidi mkubwa, ambaye ni moshi. Simama pahala unapouona mdomo wa ekzosi, mwenzako azungushe hendeli au apige stata, na utazame kinachotoka. Kisipotoka chochote, hata uzi mwembamba wa moshi, dizeli haifiki ndani ya silinda, na mjadala wa ringi na valvu, vile vifuniko vinavyofungua na kufunga njia za hewa na moshi, hauna nafasi kwa wakati huo; fuata njia ya dizeli kutoka tangini hadi kwenye nozo. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli lakini injini haishiki, basi dizeli inafika ila haiungui, na sababu zinaweza kuwa kompresheni dhaifu, maji ndani ya dizeli, nozo inayotiririsha badala ya kupuliza, au dizeli kupulizwa kwa wakati usio wake. Tofauti ya hali hizi mbili huamua kazi yote itakayofuata, nayo hupatikana bila ya kufungua hata nati moja.

Tuchukue hali ya kwanza, maana ndiyo inayosimamisha kazi mara nyingi zaidi. Dizeli ni kimiminika, nacho kikisukumwa hakipungui ukubwa kwa kiasi cha kusemwa, hivyo pigo la pampu hufika lote kwenye nozo. Upepo ukiingia kwenye mpira au paipu, pigo hilo huishia kuubana upepo, mgandamizo haufiki kiwango cha kuifungua nozo, ambacho kwa injini nyingi ndogo ni bar 120 hadi 200 au zaidi, na injini hukaa kimya ijapokuwa tangi limejaa. Upepo huingia tangi linapoachwa likauke, filta inapobadilishwa, au mpira unapopasuka nywele kwa mtikisiko, na mashine za kushindilia ndizo zinazoongoza kwa hilo kwa sababu kazi yake yote ni kutikisika. Mpira uliopasuka kabla ya pampu huenda usivujishe hata tone, kwani mahali hapo dizeli inavutwa. Upepo huingia bila dizeli kutoka, na mtu anayetafuta uvujaji kwa macho haoni kitu.

Kuutoa upepo ni kazi ya subira zaidi kuliko nguvu. Jaza tangi, fungua bomba lake, kisha legeza parafujo ndogo iliyo juu ya filta ya dizeli. Kwanza litatoka povu, kisha dizeli yenye mapovu machache, na mwishowe dizeli tupu iliyo kama uzi usiokatika, hapo kaza. Fanya vivyo hivyo kwenye kiungo cha mpira unaoingia kwenye pampu. Baada ya hapo legeza nati ya paipu ya chuma pale inapoungana na nozo, ambayo kwa kawaida hutaka spana namba 17 au 19, mzunguko mmoja unatosha, weka mkono wa gesi kwenye nafasi ya kuwashia, achia kompresheni, yaani iache hewa itoke bila kubanwa, kwa kile kimkono kilicho juu ya kichwa cha silinda, na uzungushe hendeli taratibu. Dizeli itaanza kutoka kwa vitone, halafu kwa kuruka kila pampu inapopiga. Kaza nati na uendelee kuzungusha huku ukitega sikio karibu na nozo: katika injini nyingi za hendeli husikika mlio mfupi mkavu, kri, kri, kri, kila mzunguko wa pampu, na mlio huo maana yake nozo inafunguka. Ukiusikia, rudisha kompresheni, nayo injini kwa kawaida haikatai tena. Ikiwaka kisha ikawa inapanda na kushuka mwendo bila kutulia, yaelekea bado umebaki upepo au filta imeziba, na ni vyema hilo lihakikishwe kabla ya gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, kulaumiwa.

Ikiwa dizeli haitoki vizuri hata kwenye filta, tatizo liko nyuma yake, na kwa hali ya hewa yetu aghalabu ni uchafu au maji. Kisiwani hewa ina unyevu mwingi mwaka mzima, na tangi linalolazwa nusu tupu hupumua hewa hiyo. Usiku kukipoa, unyevu hugeuka matone kwenye kuta za ndani na kuteremka chini. Mapipa ya dizeli yanayosimamishwa nje wakati wa masika yana hadithi mbaya zaidi, kwa sababu maji ya mvua hukaa juu ya mfuniko, pipa linapopoa usiku hewa iliyo ndani hunywea, na maji hayo hufyonzwa kupitia kizibo hata kama kimekazwa kwa mkono. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, pale pale pampu inapofyonza. Pipa lilazwe au liinamishwe chini ya paa, dizeli iachwe itulie usiku kucha baada ya kusafirishwa, mpira wa kuvutia usiguse kitako cha pipa, na tangi la mashine lijazwe jioni badala ya asubuhi. Nalo dumu lililokuwa na maji au mafuta ya kupikia lisitumike kubebea dizeli, hata kama limeanikwa juani.

Kupima ni rahisi: toa dizeli kidogo kutoka chini ya tangi au ya filta, itie kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, iweke itulie, kisha uitazame kwa mwanga. Maji yatajitenga chini kwa mstari unaoonekana wazi. Ukiona ute mweusi katikati ya maji na dizeli, hivyo ni vijidudu vinavyoota kwenye mpaka huo, na tangi lote linahitaji kuoshwa, kwa kuwa filta mpya itaziba tena baada ya muda mfupi.

Hapa niseme neno juu ya kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, desturi iliyoshamiri kiasi kwamba mwaka 2011 Serikali ya Muungano ilipandisha kodi ya mafuta ya taa, na uchakachuaji ukiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Wapo wanaoamini kwamba mchanganyiko huo "huisafisha" pampu. Pampu na nozo hazina oili yao. Zinalainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vya kutosha, hivyo kinachodhaniwa kuwa usafi ni vyuma kusagana.

Hali ya pili, ya moshi mweupe, huanza na kupima kompresheni, na kipimo cha kwanza ni mkono. Zungusha hendeli bila ya kuiachia kompresheni: injini isiyo na ubovu inapaswa kukataa kwa nguvu pistoni inapopanda, na kukurudisha nyuma ukiilegezea, kwa hiyo ishike kwa namna ambayo haitakuvunja kidole gumba. Ikizunguka laini kama haina kitu ndani, hewa inavuja mahali. Sikiliza wapi. Mlio wa upepo kwenye ekzosi au kwenye filta ya hewa huelekeza kwenye valvu; mlio kwenye kifuniko cha kujazia oili huelekeza kwenye ringi; povu ukipaka maji ya sabuni pembeni ya kichwa cha silinda huelekeza kwenye gasketi inayoziba hapo, na kuzunguka nozo huelekeza kwenye washa yake ya shaba. Valvu mara nyingi hazihitaji kusagwa bali kurekebishwa nafasi yake tu, ambayo katika injini nyingi ndogo zinazopozwa kwa upepo ni takriban milimita 0.15 injini ikiwa baridi, ingawa kitabu cha injini yenyewe ndicho cha kufuatwa. Bado una shaka kati ya ringi na valvu? Tia oili safi isiyozidi kijiko kimoja cha chai kwenye njia ya hewa, zungusha mara chache, kisha upime tena. Kompresheni ikipanda, oili imeziba nafasi za ringi, na ringi ndizo zilizochoka. Isipobadilika, tafuta kwenye valvu au gasketi. Sisisitizi kiasi hicho bure: kimiminika hakibaniki, na kikijaa juu ya pistoni hupinda mkono wa chuma unaoishikilia.

Nazipinga pia mbinu za kumimina petroli kwenye njia ya hewa au kupuliza dawa za kuwashia zenye etha. Ni kweli kwamba injini iliyochoka huitika. Lakini vitu hivyo huwaka kabla ya wakati, pistoni ikiwa bado inapanda, na pigo linalosikika kama nyundo ni ringi zikivunjika taratibu. Injini isiyowaka bila ya dawa hizo inasema kwamba kompresheni yake imekwisha.

Nozo hupimwa nje ya injini kwa kuifunga kwenye paipu yake ikiwa imeelekezwa mbali na watu, kisha pampu ikazungushwa. Nozo nzima hutoa ukungu mwembamba na kukata ghafla. Mbovu hutoa mchirizi, au hubaki ikidondosha. Katika jambo hili sina upole: mkono usipitishwe mbele ya nozo kwa hali yoyote. Dizeli inayotoka kwa mgandamizo ule hupenya ngozi na kusambaa ndani ya nyama, na jeraha huonekana kama tundu la sindano lisilouma sana. Aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, Mnazi Mmoja au Chake Chake au iliyo karibu, na aeleze wazi kuwa ni dizeli ya mgandamizo, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji wa haraka ili kuuokoa mkono.

Injini inayowaka lakini ikatoa moshi mweusi chini ya mzigo inakosa hewa au inabebeshwa kupita uwezo wake. Vumbi la saruji na la mawe ya matumbawe huziba filta ya hewa kwa kasi. Filta ya karatasi haioshwi kwa dizeli, hubadilishwa. Ile ya bakuli la oili huoshwa na kujazwa oili mpya mpaka kwenye mstari tu, kwa kuwa ikizidishwa injini huweza kuifyonza na kuichoma kama dizeli, ikakimbia bila ya kuzimika hata dizeli ikifungwa. Ikitokea hivyo, ziba njia ya hewa kwa kipande cha ubao, kamwe si kwa kiganja. Moshi wa buluu, kwa upande wake, ni oili inayoungua: ama imezidi, ama ringi zimechoka. Ama oili kuwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa, hilo si ubovu hata kidogo, ni masizi ya kawaida ya dizeli. La kutisha ni oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa, kwa sababu hiyo ina maji, au iliyokuwa nyepesi na kunuka dizeli.

Joto nalo halihitaji maneno mengi. Zinazopozwa kwa upepo zikwanguliwe saruji iliyoganda kati ya mapezi ya silinda. Zinazopozwa kwa maji zipewe maji ya mvua ikiwezekana, kwani ya visima vya ardhi ya chokaa huacha gamba ndani, na ya visima vya pwani yana chumvi. Injini iliyochemka isimwagiwe maji baridi, kichwa chake kitapasuka.

Pampu ya dizeli iachwe mwisho kabisa, na ikifika zamu yake iende kwa fundi wa pampu mwenye meza safi na mashine ya kupimia. Vyuma vyake vimesagwa pamoja viwili viwili kwa vipimo vya elfu za milimita, na punje moja ya mchanga inatosha kuviharibu. Kwa anayelazimika kuing'oa, kuna jambo moja la kuangaliwa: katika injini nyingi za silinda moja, chini ya kitako cha pampu kuna vipande vyembamba vya bati au karatasi ngumu ambavyo watu huvitupa wakidhani ni gasketi iliyochakaa. Hivyo ndivyo vinavyopanga wakati wa dizeli kupulizwa, na kikipungua kimoja tu injini huanza kugonga. Visafishwe, vihesabiwe, vifungwe kwenye kitambaa, na virudishwe kwa idadi ile ile.